Nusu Tangi

Ukitoka Awasi kuelekea Kapsoit, barabara inaaga uwanda wa Kano na kuanza kupanda. Hapo ndipo lori langu lilipokuwa likizima. Lilianza kwa kusitasita, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya inakataa kuja. Nikishusha gia hadi ya tatu, linakubali mita 200 hivi, kisha linasita tena. Nikishusha hadi ya pili, mguu uko sakafuni kabisa na injini inazidi kulegea, hadi inanyamaza yenyewe katikati ya mlima. Utingo anaruka na jiwe mkononi kuzuia gurudumu la nyuma. Nyuma yetu honi zinaanza.

Ilitokea mara sita katika miezi minne. Nimeamua kuiandika kwa sababu ninakutana na madereva kila wiki, Salgaa, Kericho, Ahero, ambao pampu zao zimefunguliwa kwa maelfu ya pesa na ugonjwa bado uko palepale. Nilikuwa mmoja wao.

Lori lenyewe ni Canter ya zamani, injini ya 4D33, lita 4.2, silinda nne, bila taboo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Pampu yake ya dizeli ni ile ya chuma tupu, ya plunja nne, yaani vyuma vidogo vinavyosukuma mafuta, zilizopangwa mstari mmoja. Hakuna kompyuta popote, hakuna waya wa maana zaidi ya ule wa stata na taa. Kazi yake ni viazi kutoka Molo hadi soko la Kibuye pale Kisumu, na kurudi Nakuru na mchele wa Ahero. Jioni kabla ya safari najaza tangi, lita 100, hadi shingoni. Marehemu baba alikuwa dereva, naye alinifundisha kwamba tangi lisilojaa hulala na hewa, na hewa ya usiku ikipoa huacha maji kwenye kuta za chuma. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yanazama chini na kukaa palepale ambapo mafuta yanavutwa. Nimefuata fundisho hilo tangu nianze kushika usukani. Shikeni jambo hili la kujaza tangi, maana ndilo lililonipoteza.

Siku ya kwanza lilipozima tulitoa hewa. Kuna skrubu juu ya filta. Unailegeza, kisha unasukuma ile pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu kubwa. Povu likatoka, jeupe na zito kama la sabuni ya kufulia, likaendelea kutoka kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Hatimaye ikaja dizeli safi, nikakaza, likawaka. Tulipanda kilomita tatu likazima tena. Tulifika Kapsoit kwa kutoa hewa mara nne. Hapo nikaona kuna kituo cha mafuta, nikaongeza lita 40 ili angalau nisikwame usiku bila mafuta. Tukafika Nakuru bila lori kusita hata mara moja.

Nikapata jibu langu papo hapo: mafuta niliyojaza Nakuru yalikuwa machafu, na yale ya Kapsoit yameyasafisha. Hoja ilikaa vizuri kichwani. Sote tunajua habari za dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali ililazimika kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Na mafuta ya taa yanaumiza pampu kweli, kwa sababu pampu hizi hazina oili yake ndani ya plunja. Dizeli yenyewe ndiyo grisi yao. Ukiweka kitu chepesi kama mafuta ya taa, chuma kinasugua chuma. Basi nikahama kituo, na nilipoulizwa na madereva wenzangu niliwaambia waziwazi kwa nini nimehama. Kijana aliyekuwa akinijazia pale alinipungia mkono mara mbili nikipita barabarani. Sikumpungia.

Nilibadilisha filta zote mbili, nikajaza tangi, nikalijaribu hadi Gilgil na kurudi. Likaenda tamu. Nikapakia viazi, nikateremka Kisumu, nikapakua Kibuye, nikapitia Ahero kuchukua mchele. Likazima mlimani, umbali wa kutupa jiwe kutoka pale pa kwanza.

Fundi niliyempelekea akasema ni nozeli, zile ncha zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Hakuwa mjinga. Alizifungua zote nne na kuzifunga kwenye mashine ya kupimia, ile yenye mkono mrefu na saa ya presha juu. Kama hujawahi kuangalia nozeli ikipimwa, omba uangalie siku moja. Fundi anakandamiza mkono polepole, mshale wa saa unapanda, 100, 150, na kwa injini nyingi za aina hii mahali fulani kati ya bar 180 na 250 nozeli inafunguka kwa ghafla na kutoa sauti ya kukoroma. Kutoka kwenye vitundu vyake visivyoonekana vizuri kwa macho yanatoka mawingu ya ukungu, yote marefu sawa. Nozeli mbovu haikoromi. Inatema mchirizi kama mtoto anayetema maji, kisha ncha inabaki imelowa na tone moja linaning'inia. Tone hilo likidondoka ndani ya silinda baada ya wakati wake ndilo linaloleta moshi mweusi na ule mgongano wa chuma unaousikia asubuhi.

Zangu, moja ilikuwa inatema. Ya namba tatu. Akaisafisha, akabadilisha ncha ya namba moja iliyofungukia presha ndogo, akaweka washa mpya za shaba. Shilingi 14,000. Nikajaza tangi, nikalijaribu, tamu. Wiki iliyofuata, likazima kwa mchele.

Sasa nilikuwa na hasira, na hasira ni mshauri ghali. Nikaamua mwenyewe kwamba ni pampu. Hapa Nakuru tuna mafundi wa pampu wanaojua kazi yao hasa, na niliyemwendea aliiweka pampu yangu kwenye benchi lake, akaiunganisha na mota, akaizungusha. Mbele yake kulikuwa na chupa nne nyembamba za kioo zenye mistari, moja kwa kila plunja. Dizeli ikaanza kupanda ndani ya chupa. Tulisimama tukitazama. Chupa zote nne zilipanda pamoja kama ndugu waliozaliwa siku moja, tofauti yao ikiwa upana wa mstari tu.

"Mzee, hii pampu haina shida kubwa," akaniambia.

Nikamwambia aifungue.

"Nikiifungua utalipa kazi ambayo haikuhitajika."

Nikamwambia mimi ndiye ninayelala barabarani, si yeye. Akanitazama kidogo, akavaa glavu zake, akaifungua. Alinionyesha plunja moja kwenye kiganja, fupi kama kidole cha mwisho, ikiwa na mfereji wa mshazari umechongwa ubavuni. Mfereji huo ndio unaoamua kiasi cha mafuta: ukikanyaga, reki ndani ya pampu inaizungusha plunja kidogo, na mahali mfereji unapokutana na tundu la kurudishia mafuta panabadilika, basi mafuta yanayosukumwa yanaongezeka au kupungua. Nafasi kati ya plunja na kikombe chake ni kama sehemu mbili au tatu za elfu moja za milimita. Unywele wa mtu hauwezi kuingia hapo hata ukipasuliwa mara ishirini. Kila plunja ina kikombe chake ilichozaliwa nacho, na ukizichanganya umeziua. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plunja inapiga mara 1,000, yaani takriban mara 17 kwa kila sekunde, kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinastahili heshima kuliko kufunguliwa kwa hasira za mtu. Mwaka 1897 injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu kule Augsburg ilipuliza mafuta yake kwa hewa iliyobanwa, na mtambo wa kubana hewa ulikuwa mzigo mzito mno kubebwa na gari; malori yalipata dizeli ya kutegemewa baada ya Robert Bosch kuanza kutengeneza pampu za namna hii kwa wingi mwaka 1927. Yangu ni kilembwe cha pampu zile, na niliifunguza bure.

Shilingi 45,000, pamoja na sili mpya na kuirudisha kwenye taimingi yake. Nilijaza tangi nikaenda nalo hadi Mau Summit na kurudi, nikiwa na mawe ya kujengea nyuma ili lipate uzito. Tamu kupita kiasi.

Najua msomaji mwepesi ameshaona. Mimi sikuona.

Kabla sijafika kwenye jibu, niseme kuhusu moshi, kwa sababu moshi ulikuwa ukiniambia ukweli tangu siku ya kwanza na sikuusikiliza. Dizeli huzungumza kwa ekzosi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: nozeli inatema, au filta ya hewa imeziba kwa vumbi, au pampu imeongezwa mafuta na mtu anayetaka nguvu za haraka. Au uko juu sana. Kericho iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hivyo injini isiyo na taboo itatoa weusi kiasi ikipanda na mzigo na hilo si ugonjwa. Moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyoingia lakini hayakuungua: taimingi imechelewa, kompresheni imeshuka, au injini bado baridi, au kuna maji. Bluu ni oili ya injini inayoungua, na hapo usiguse pampu kabisa, tafuta ringi na sili za valvu.

Lakini kuna jambo la nne ambalo halitajwi sana. Lori limelemewa, umekanyaga mpaka mwisho, nguvu zinapotea, na ekzosi ni safi. Hakuna moshi wowote. Gari lililo na njaa halitoi moshi. Kama mafuta yangekuwa yanafika kwenye silinda na kuunguzwa vibaya, yangeonekana kwenye ekzosi kwa rangi yoyote ile. Moshi ukikosekana na nguvu zikakosekana pamoja, mafuta hayafiki, na sababu ya kutofika inatafutwa nyuma, upande wa tangi, kabla mtu hajagusa pampu wala nozeli. Mara zote sita nilitazama kwenye kioo cha pembeni nikaona anga safi nyuma yangu, na nikashukuru kwamba angalau injini haijafa.

Aliyelifungua fumbo ni utingo wangu. Ana daftari dogo la mistari ambalo anaandikia gharama za safari: ushuru wa soko, wapakizi, chakula, mafuta, na wakati. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha lori baada ya lile zimo la sita, tukisubiri injini itulie, naye anapekua daftari kutafuta ni shilingi ngapi tumebakiwa nazo.

"Mzee," akasema, "hili lori halijawahi kuzima likiwa limeshiba."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Angalia. Kila tukitoka kwa fundi tunajaza. Tukiteremka Kisumu liko sawa. Linazima tukirudi tu, na tukirudi tangi huwa limepita nusu kwenda chini. Ile siku ya kwanza tuliongeza lita arobaini, likapona. Hukumbuki?"

Nilichukua daftari nikasoma mwenyewe, safari kwa safari. Kila jaribio baada ya fundi lilikuwa la tangi lililojaa. Kila zimo lilikuwa chini ya nusu. Hata zile asubuhi chache lori lilipokataa kuwaka nyumbani hadi nisukume pampu ya mkono, zilikuwa asubuhi za siku nilizorudi usiku nimechoka na sikupitia kituo. Filta hazikuwa zimeponya kitu, wala nozeli, wala pampu. Kilichoponya kila mara ni yale mafuta niliyojaza mwenyewe kabla ya kujaribu.

Sikutaka kukosea tena, kwa hivyo tukapanga jaribio kabla ya kununua chochote. Safari iliyofuata tulibeba mtungi safi wa lita 20 wenye dizeli, na mita mbili za paipu ya levo, ile ya plastiki inayoonyesha ndani ambayo mafundi wa ujenzi hutia maji kupimia usawa wa ukuta. Huko Kisumu tulikata kipande cha paipu hiyo na kukifunga kati ya paipu inayotoka tangini na pampu ndogo inayovuta mafuta, kwa klipu mbili. Tangi likiwa juu ya nusu, dizeli ilipita ndani ya plastiki kama chai ya rangi, bila doa. Tulipopakia mchele Ahero na mshale wa mafuta ukaanza kushuka chini ya nusu, utingo aliangalia tena tuliposimama, injini ikiwaka. Vipovu. Vidogo kama shanga za mtoto, vimefuatana mstari mmoja, haviishi. Nilipokanyaga mafuta vikawa vingi na vikubwa zaidi.

Tulipanda hadi pale pa kila siku. Likasita, likazima. Tukachomoa paipu ya tangi tukaichovya kwenye mtungi, na paipu ya kurudishia tukaielekeza humohumo, maana ukiisahau hiyo, mafuta yote ya mtungi yataishia tangini. Tukatoa hewa, likawaka. Mtungi tuliufunga kwanza juu, nyuma ya kichwa cha lori. Likapanda kama halijabeba kitu. Lakini mtungi ulio juu unateremsha mafuta kwa uzito wake, na unaweza kuficha udhaifu wa pampu ndogo, kwa hivyo baada ya kilomita mbili tulisimama tukaushusha, tukaufunga ubavuni usawa mmoja na tangi. Sasa pampu ilibidi ivute yenyewe kama siku zote. Gia ya tatu, mguu sakafuni, likapanda hadi mashamba ya chai yakatokea pande zote mbili na harufu ya majani mabichi ikaingia dirishani. Moshi kidogo mweusi kwenye ekzosi, ule wa halali wa mahali pa juu. Nililia. Nasema kweli, machozi yalinitoka, na utingo akaangalia upande wa pili.

Basi pampu nzima. Nozeli nzima. Pampu ndogo nzima. Kilichobaki ni tangi na kilicho ndani yake.

Kesho yake Nakuru tulifungua kifuniko cha juu ya tangi, skrubu zake zimeshikwa na kutu, tukachomoa mrija wa chuma unaoshuka hadi chini kuvuta mafuta. Kwa macho ulikuwa mzima, mweusi wa dizeli ya miaka. Tukaosha, tukaupeleka kwa fundi wa pancha, tukaomba karai lake la maji. Utingo akaziba ncha moja kwa kidole gumba, nikapuliza nyingine kwa mdomo. Katikati ya mrija, karibu sawa kabisa na nusu ya kina cha tangi, vipovu vikapanda. Tulipofuta pale kwa msasa kutu ikang'oka na tundu likaonekana, dogo kuliko punje ya wimbi.

Tangi likijaa, tundu limezama, na mrija unapitisha dizeli hata kwenye tundu. Mafuta yakishuka chini ya tundu, mrija unavuta dizeli chini na hewa katikati. Barabara tambarare injini inaomba mafuta kidogo, uvutaji ni mdogo, hewa inayoingia ni ya kuvumilika. Mlimani, na tani tatu za mchele, uvutaji unaongezeka, hewa inajaa ndani ya pampu, na hewa inabanwa ikabanika. Plunja inapiga na presha ya kufungua nozeli haifikiwi. Ukisimama usiku, safu ya mafuta inarudi tangini kupitia tundu hilohilo, ndiyo maana ya zile asubuhi za kukataa kuwaka.

Na tulikuwa tumetafuta uvujaji, msidhani hatukutafuta. Tulitazama chini ya lori kila mara kama kuna tone la dizeli. Hakukuwa na tone. Upande wa kuvuta, kuanzia tangini hadi kwenye pampu ndogo, paipu iliyotoboka haitoi mafuta nje, inaingiza hewa ndani. Chini pakavu hapathibitishi lolote. Tone utaliona kuanzia pampu ndogo kwenda mbele, kwenye filta na kwenye paipu za chuma, kwa sababu huko mafuta yanasukumwa.

Fundi wa kulehemu aliziba tundu kwa shaba ya njano na gesi, shilingi 300, mrija ukiwa mezani kwake umeoshwa na kukauka. Tangi lenyewe usimruhusu mtu alisogezee moto, hata likiwa tupu, hasa likiwa tupu. Tulitoa matope ya nusu kikombe chini yake, tukaweka gasketi mpya. Shilingi 59,000 za nozeli na pampu, kisha 300.

Siku hizi gari la mwenzangu likikosa nguvu naanza kwa kuuliza: tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani lilipozima? Moshi ulikuwa wa rangi gani? Linawaka vipi asubuhi? Linapona lenyewe likipumzika? Kwa sababu likipona baada ya kupumzika dakika kumi bila wewe kugusa kitu, mara nyingi kuna kitambaa, jani au utelezi unaovutwa hadi mdomo wa mrija na kuuziba, na injini ikizimwa unaanguka chini tena. Kisha kifuniko cha tangi, kama tundu lake la kupumulia limeziba: kilegeze ukiwa umezimikiwa, ukisikia kikifyonza hewa kwa nguvu umepata mgonjwa wako bila senti. Halafu chujio dogo la waya kwenye mdomo wa pampu ndogo, ambalo filta zinabadilishwa mara kumi bila mtu kukumbuka kwamba lipo. Halafu washa za shaba. Za zamani zinaweza kurudi kazini ukizichoma hadi ziwe nyekundu na kuzitumbukiza majini, zinakuwa laini na kukaa vizuri tena. Paipu ya levo haitoki kwenye kisanduku changu cha spana.

Baada ya hapo ndipo nozeli. Injini ikinguruma polepole, unalegeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine, nusu mzunguko, umeifunika kwa kitambaa. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Lakini mikono mbali. Dizeli inayotoka kwenye ufa kwa bar 200 inapenya ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana dogo, pengine hata haliumi mwanzoni, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono asipofika hospitali siku hiyohiyo. Uvujaji wa paipu za presha tafuta kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja. Na gari lako likiwa na komoni reli, mfumo wa bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, ambao Denso waliuingiza kwenye malori mwaka 1995 na sasa uko kila mahali, usilegeze nati yoyote injini ikiwaka. Humo kuna zaidi ya bar 1,000. Mambo niliyoyaeleza hapa ni ya pampu za zamani.

Mrija uliporudi mahali pake tulikwenda Kisumu na kurudi, makusudi bila kujaza, na mshale ulikuwa karibu na robo tulipopita Kapsoit kwa gia ya tatu. Nilirudi kwa yule fundi wa pampu kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ile nozeli ya namba tatu niliyomsimulia bado inatema.

Jioni hiyohiyo niliingia kile kituo nilichokihama. Yule kijana alikuwapo. Nilishuka, nikamwambia kwamba nimewasema vibaya mbele za watu, kwamba mafuta yao hayakuwa na kosa, na kwamba nimeanza kuwarudia walionisikia mmoja mmoja kuwaeleza. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Nilidhani nimekukosea kitu, mzee." Akafungua kifuniko, akaweka mdomo wa pampu ndani, akauliza kama ni hadi shingoni kama zamani.

Namba tatu bado inatema kidogo, moshi wa asubuhi unaniambia. Jumamosi naitoa.